Mzungu wa Kazi: Maisha ya Alexander Mackay, Fundi wa Mitambo

Wako Wakristo wengi wanaodhani ya kuwa kazi ya Mungu ni kazi ya kinywa peke yake: kuhubiri, kufundisha, na kuongoza sala. Mtu wa nyundo na randa hujiona kuwa yuko nje ya mlango. Kwa ajili ya watu hao, na kwa ajili ya walimu wanaowafundisha, yafaa tuyaangalie maisha ya Alexander Mackay, aliyekuwa injinia, yaani fundi mwenye elimu ya mitambo, barabara na madaraja. Siku zote za maisha yake hakupata kuwekewa mikono awe mchungaji. Lakini katika wale walioileta Injili pande hizi za Ziwa Viktoria ni wachache walioacha alama kama yake. Na sisi wa Karagwe na Kyerwa tuna sehemu yetu katika habari hizi, kama itakavyoonekana.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, jimbo la Aberdeen, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, mtu wa elimu nyingi, naye aliandika vitabu vya jiografia. Mtoto alifundishwa nyumbani na baba yake mwenyewe. Walipotembea pamoja, mara kwa mara watu wa kijiji waliwaona wamesimama njiani, mzee akichora mistari mavumbini kwa fimbo yake, mtoto akitazama. Lakini kijana huyu alipenda vitu vya chuma na magurudumu kuliko vyote. Alikaa kwa mhunzi wa kijiji akitazama moto na fuawe. Na pengine alikwenda kwa miguu maili nne mpaka kituo cha Gartly, ili atazame gari la moshi likisimama dakika mbili au tatu tu, kisha akarudi maili nne nyingine.

Mwaka wa 1865 mama yake alifariki, akamwachia Biblia yake na wosia ya kwamba aichunguze. Baba alitamani mwanawe awe mchungaji; lakini mioyo ya watoto haipimwi kwa mizani ya wazazi. Mwaka wa 1867 jamaa yao ilihamia mji wa Edinburgh, naye Mackay akaingia chuo cha walimu. Alipomaliza, akajifunza uinjinia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Siku zake hazikuwa na nafasi ya uvivu: alifundisha watoto shuleni apate fedha ya kujitunza, akafanya kazi ya mikono katika karakana ya mashine huko Leith, tena akahudhuria masomo ya hesabu na mitambo.

Mwezi wa Novemba 1873 akaenda Ujerumani, ili aijue lugha ya Kijerumani na kuzidi katika ufundi wake. Huko Berlin aliajiriwa katika kiwanda cha vyombo vya reli, kazi yake kuchora ramani za mashine, na baadaye akawekwa kuwa mkubwa wa idara ya injini za magari ya moshi. Saa za jioni alitafsiri kwa Kiingereza kitabu cha hesabu za juu cha Mjerumani Lübsen. Tena akabuni mashine ya kilimo, nayo ikapata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya mji wa Breslau. Wengi wa wenziwe kazini hawakujali mambo ya dini. Lakini yeye alikaa nyumbani kwa mchungaji Baur, mhubiri wa jumba la mfalme, na katika nyumba ile imani yake ilipata joto.

Ndipo alipoanza kufikiri neno ambalo siku zile lilikuwa geni. Watu walijua misionari mhubiri, na misionari daktari. Lakini misionari injinia hawakumjua. Mackay aliwaza ya kwamba nchi isiyo na barabara, wala daraja, wala kazi ya mikono yenye faida, itazidi kuuza watu wake, kwa kuwa haina kitu kingine cha kuuza. Basi akakusudia kwenda Madagascar, akaanza hata kujifunza lugha ya huko. Mungu alikuwa amemwekea njia nyingine.

Mwaka wa 1875 msafiri Stanley alifika kwa Mutesa, Kabaka wa Buganda. Barua yake ya kuwaita walimu waende kwa mfalme huyo ilichapwa katika gazeti la Daily Telegraph la London mwezi wa Novemba mwaka ule. Stanley mwenyewe alikuwa bado safarini. Mapema mwaka wa 1876 alikuwa mgeni wa mfalme wetu Rumanyika hapa Karagwe. Kule Berlin, usiku wa tarehe 12 Desemba 1875, Mackay aliwaandikia wakuu wa chama cha C.M.S., yaani chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, akijitoa aende. Walimkubali. Tarehe 27 Aprili 1876 akapanda merikebu.

Walikuwa wanane waliotumwa, naye Mackay, mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa mdogo wao. Katika mkutano wa kuagana kila mmoja alipewa nafasi ya kusema machache. Mackay akawaambia wakuu ya kwamba labda kabla ya miezi sita kupita watasikia kuwa mmoja wao amekufa. Na habari hiyo itakapofika wasivunjike moyo, bali wapeleke mtu mwingine mara moja kushika mahali pake. Watu wakanyamaza kimya. Hata miezi sita haijatimia, mmoja wao alikuwa amekwisha kuzikwa Unguja. Mwaka wa 1877 daktari wao akafa kusini mwa ziwa. Na mwezi wa Desemba mwaka uo huo wawili wengine, Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe. Wawili walikuwa wamerudishwa kwao kwa ugonjwa. Katika wale wanane wakabaki wawili tu, Wilson na Mackay.

Mackay mwenyewe alikuwa karibu kufa. Alipokuwa bara katika safari ya kwanza alishikwa na homa kali, ikambidi arudi pwani. Lakini kurudi kwake hakukuwa kukaa bure. Mwaka wa 1877 alipewa kazi ya kufanya barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230, ili magari ya ng'ombe yapite na mizigo isichukuliwe tena vichwani mwa watu. Wasomaji waliozoea barabara za siku hizi na wafikiri kazi hiyo. Njia ya wapagazi ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja mmoja, ikipinda kila penye mti ulioanguka. Mackay na watu wake wa pwani walikata mwitu kwa mashoka, wakafyeka nyika ya miiba, wakashusha kingo za makorongo, wakatandika magogo juu ya mito. Kwa muda wa karibu siku mia moja barabara ikawa wazi. Kisha ng'ombe wakafungwa magarini. Na mbung'o wakawauma, wakafa wengi mno. Hivyo kazi ile, iliyotoka jasho jingi, haikuleta faida aliyoitumaini. Lakini watu wa njiani waliona jambo jipya: Mzungu ashikaye shoka mwenyewe, avuaye koti na kuingia matopeni pamoja na wafanya kazi wake. Wakamwita Mzungu wa Kazi.

Habari ya kuuawa kwa wenziwe ilipomfikia, hakurudi nyuma. Akafika Kagei, pwani ya kusini ya ziwa, mwezi wa Juni 1878. Alikuta mali ya misioni imetawanyika, na mashua yao, jina lake Daisy, imelala mchangani, mbao zimeoza na kuliwa na wadudu. Akaanza kuitengeneza. Lakini kabla ya kusafiri kwenda Buganda alifanya neno lililowashangaza wenyeji: alivuka mpaka Ukerewe bila silaha, akaonana na Lukonge, mfalme ambaye watu wake waliwaua Smith na O'Neill. Walimwonya asiende. Yeye aliona ya kuwa damu isipokatwa kwa neno la amani itadai damu nyingine. Akaenda, akasema na mfalme, akarudi salama.

Mwezi wa Agosti yeye na Wilson wakatweka tanga. Dhoruba ikawakamata, ikaitupa mashua katika pwani ya magharibi, upande huu wetu wa kusini mwa mto Kagera, katika nchi za Buhaya. Mashua ilivunjika vibaya. Mtu mwingine angaliiacha. Mackay alikata futi nane za katikati, akaitupa sehemu iliyoharibika, akaunganisha tezi na omo, akapata mashua fupi lakini nzima. Kazi hiyo ilimchukua majuma manane, na muda wote huo wenyeji wa pwani waliwapokea vema. Hivyo, miaka zaidi ya thelathini kabla ya misioni yetu kufika Bukoba, mtu huyu alikuwa amekwisha kukaa katika pwani ya Wahaya, nyundo mkononi.

Mwanzo wa Novemba 1878 akafika Buganda, akasimama mbele ya Mutesa. Mfalme alikuwa mtu wa akili nyingi, mwenye baraza kubwa na utaratibu. Lakini aliyoyatamani kwa Wazungu yalikuwa kwanza bunduki na baruti, kwa kuwa aliwaogopa Wamisri waliokuwa upande wa kaskazini. Kiswahili kilijulikana barazani kwa sababu ya wafanya biashara wa pwani, na Mutesa mwenyewe alikisikia vizuri. Basi Mackay akamsomea Injili kwa Kiswahili, katika vitabu vilivyotafsiriwa na Askofu Steere wa Unguja. Tuangalie sana jambo hili sisi tunaosoma ukurasa huu. Neno lililosomwa katika baraza la Buganda siku zile za kwanza lilisomwa kwa lugha hii hii. Baadaye Mackay alijifunza Kiganda, akaanza kutafsiri.

Siku nyingine alifanya kazi zake za ufundi. Alijenga karakana huko Natete, akaweka tanuri, fuawe na jiwe la kunolea la kuzungushwa kwa gurudumu, na vijana wakaja kutazama na kujifunza. Alichimba kisima na kuweka pampu. Watu walipoona maji yakipanda juu badala ya kushuka wakasema huyu si mtu, ni pepo mkuu. Akawaambia wazi ya kwamba yeye ni mtu kama wao, na kwamba alilolijua alijifunza, nao waweza kujifunza. Tena alichonga herufi kwa mti, na baadaye akazipata za risasi, akapiga chapa karatasi za kusomea. Vijana wa jumba la mfalme walizigombea. Kila aliyejua herufi tano alimfundisha mwenzake aliyejua tatu. Na watu wenye kujifunza dini wakaitwa wasomaji.

Kati ya mambo yote aliyoyafanya barazani, moja linastahili kukumbukwa kuliko mengine. Wafanya biashara ya watumwa walikuja kwa Mutesa na nguo na bunduki, wakitaka kupewa watu: nguo nyekundu kwa mtu mmoja, bunduki kwa watu wawili. Mackay alikuwapo. Mbele ya mfalme na wakuu wake akaeleza jinsi mwili wa mwanadamu ulivyoumbwa: mifupa na viungo vyake, moyo usukumao damu usiku na mchana bila kupumzika, jicho, na mkono wenye vidole. Yeye aliyekuwa mkubwa wa injini huko Berlin akasema ya kuwa mafundi wote wa Ulaya wakikusanyika pamoja hawawezi kufanya hata kidole kimoja kilicho hai. Bali nguo ile nyekundu, fundi mmoja aweza kuifuma kwa siku moja. Basi yawaje kitu ambacho hakuna awezaye kukifanya kiuzwe kwa kitu ambacho mtu yeyote aweza kukifanya? Baraza likanyamaza. Kwa siku zile Mutesa alikataza watu wake kuuzwa kwa wageni. Ijapokuwa amri yake haikushikwa siku nyingi.

Wasomaji wangu, hapa ndipo ilipo maana ya maisha ya mtu huyu. Asiyejua ufundi hudhani ya kuwa vitu vilivyotengenezwa ni vya ajabu kuliko watu, kwa sababu hajui jinsi vilivyofanywa. Mackay alijua. Alijua kila msumari wa mashine ulivyoingia. Kwa hiyo hakushangazwa na mashine, alishangazwa na mtu. Elimu yake haikumwondoa kwa Muumba, ilimrudisha kwake.

Wala tusimfanye malaika. Mwezi wa Februari 1879 mapadre wa Kifaransa walifika Buganda, na kukawa mabishano makali kati yao na Mackay mbele ya mfalme. Mutesa akatatizika, akauliza kama kila kabila la Wazungu lina dini yake. Katika habari hii Mackay hakuwa na subira, na ubishi ule ulipanda mbegu ambayo baadaye ilizaa vita kati ya Wakristo na Wakristo. Tena alitumaini sana serikali za Ulaya, akiomba zije kulinda amani, asione vema ya kuwa mlinzi akiisha kuingia nyumbani hujifanya mwenye nyumba. Alikuwa mtu wa wakati wake. Lakini makosa ya mwenye kazi hayaifuti kazi.

Mwaka wa 1882 Namasole, mama yake Mutesa, alifariki, na mfalme akamtaka Mackay atengeneze jeneza la kumstahili. Yakatengenezwa matatu, moja ndani ya jingine, la shaba na ya mbao, na Mackay aliwasimamia mafundi usiku na mchana. Wengine waliuliza kama hiyo ni kazi ya misionari. Lakini mwaka ule ule, tarehe 18 Machi, Waganda watano walibatizwa, malimbuko ya Kanisa la Kiprotestanti la nchi ile. Mmoja wao, Sembera, alikuwa ameandika barua ya kuomba ubatizo kwa kalamu ya unyasi na wino alioutengeneza mwenyewe. Siku ya kubatizwa alichagua jina la Mackay. Naye Mackay, kwa kuwa hakuwa mchungaji, hakumbatiza; alibatizwa na mwenzake O'Flaherty. Fundi alikuwa ameandaa, na mwingine akamwaga maji.

Mwezi wa Oktoba 1884 Mutesa akafa, na mwanawe Mwanga, kijana wa miaka kama kumi na minane, akakaa kitini. Mambo yakageuka. Mwezi wa Januari 1885 Mackay na Ashe walikuwa njiani kwenda ziwani pamoja na vijana wao, askari wa mfalme wakawakamata na kuwarudisha. Wazungu waliachwa. Vijana hawakuachwa. Tarehe 31 Januari watatu wao, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na mtoto Yusufu Lugalama, walikatwa mikono na kuchomwa moto. Mackay alikuwa amekwenda kuwaombea, asisikilizwe. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Askofu Hannington akauawa Busoga. Na tarehe 3 Juni 1886 huko Namugongo vijana wengi wakachomwa pamoja, wa Kanisa la Roma na wa Kiprotestanti, katika moto mmoja. Walimu wao walikuwa wamebishana barazani. Wao walikufa bega kwa bega.

Fikiri hali ya moyo wa Mackay siku zile. Aliwafundisha hao kusoma, na kwa kusoma kwao waliuawa. Naye hakuuawa, kwa sababu mfalme aliihitaji mikono yake. Ufundi wake ulikuwa ngao yake, lakini haukutosha kuwafunika wanafunzi wake. Aliomba ruhusa waondoke. Mwezi wa Agosti 1886 Ashe aliruhusiwa kwenda, lakini Mwanga hakukubali kumpoteza fundi wake. Akakaa peke yake karibu mwaka mzima. Mchana alifanya kazi za mfalme. Usiku wasomaji walimjia kwa siri, wakibisha mlango polepole, wakakaa naye katika kutafsiri na kusahihisha Injili ya Mathayo kwa Kiganda, na kurasa zikapigwa chapa. Kanisa lilikuwa limekwisha kuchagua wazee wake katika mwaka wa 1885, watu kama Henry Duta na Sembera Mackay, ili hata Wazungu wakifukuzwa wote kundi lisikose wachungaji wa nyumbani. Katika matengenezo yote yaliyofanyika siku za Mackay, hilo lilidumu kuliko yote.

Mwezi wa Julai 1887 Mwanga alimfukuza. Akavuka ziwa kwenda Usambiro, upande wa kusini, akaanza upya: nyumba, karakana, chapa, na wanafunzi. Mwaka wa 1889 Mwanga, aliyekuwa amepinduliwa na kukimbilia kusini mwa ziwa, alimwandikia Mackay, akimsihi ayasahau ya zamani na kumsaidia.

Mwaka uo huo msafara wa Stanley, uliokuwa ukimtoa Emin Pasha kaskazini, ulivuka mto Kagera, ukapita penye maji ya moto ya Mtagata, ambayo watu wa Kyerwa wanayajua, ukakatiza Karagwe ukielekea kusini. Wengi wao walikuwa wagonjwa na wamechoka. Tarehe 28 Agosti 1889 walifika Usambiro. Kabla hawajaiona nyumba waliona alama za magurudumu njiani, jambo ambalo hawakuliona katika safari yao ndefu barani. Ndani ya boma walikuta karakana iliyojaa vyombo, mbao zilizopasuliwa kwa msumeno, na chombo cha kuchemshia maji cha mashua ya moshi kikitengenezwa. Walipumzika hapo karibu majuma matatu. Stanley alimsihi Mackay aende naye kwao apumzike, kwa maana alikuwa hajaiona nchi yake tangu mwaka wa 1876. Alikataa, maadamu hakuna mwingine wa kushika mahali pake.

Mwanzo wa Februari 1890 akashikwa na homa. Aliugua siku chache tu, na tarehe 8 Februari akafariki, mwenye miaka arobaini. Mwenzake Deekes, naye mgonjwa, alimzika pamoja na Waganda Wakristo waliokuwapo. Mashua ya moshi ilibaki haijakwisha. Mwaka wa 1927 mifupa yake ilihamishwa, ikazikwa Namirembe.

Mackay alikuwa ameshauri ijengwe reli kutoka pwani mpaka ziwani, akisema kuwa bila njia ya kuchukulia mizigo biashara ya watu haitakoma. Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka wa 1901, na Mwanza mwaka wa 1928. Lakini njia nyingine ilikuwa imekwisha kufunguka. Wahaya waliokwenda Buganda walijifunza kusoma kwa wale wasomaji, wakarudi kwao na vitabu vya Kiganda, wakasomeana nyumbani. Misionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka wa 1910 hawakukuta nchi tupu; walikuta watu waliokuwa wamekwisha kuanza kusoma Neno. Na kutoka Bukoba habari hizo zilipanda vilima mpaka kwetu Karagwe.

Basi wewe seremala, mwashi, mhunzi, mshona nguo, na wewe uliye fundi wa magari, usijidharau katika usharika. Bezaleli alijazwa Roho ili afanye kazi ya mikono, na Paulo alishona mahema. Ufundi wako waweza kuwa barua isomwayo na wasiojua kusoma. Na wewe mwalimu, usiwafundishe watoto kuheshimu kitu kuliko mtu. Biashara ile ya nguo nyekundu imekoma. Lakini kila kizazi kina nguo yake nyekundu. Binti anapotolewa shule kwa ajili ya ng'ombe wachache, kijana anapotumikishwa kwa ahadi tupu, mgonjwa anapoachwa kwa kuwa hana fedha, hapo mtu ambaye hakuna awezaye kumfanya anabadilishwa kwa kitu ambacho kila mtu aweza kukifanya. Fundi wa Berlin aliliona jambo hili katika baraza la mfalme, akalisema bila kuogopa. Na sisi tulione katika vijiji vyetu, tukaliseme.